Siku Niliyofunga Ukumbi wa Wazazi

Somo yangu,

Assalaam aleykum. Naandika kwa sababu kwenye simu mimi na wewe tumekuwa watu wa adabu kupita kiasi. "Hujambo, somo?" "Sijambo, alhamdulillah, joto tu." Tukimaliza joto la Maskati tunaingia mvua ya Unguja, na mvua ikikatika na simu imekatika. Hali ya hewa ya Omani sasa naijua kuliko anayeitangaza.

Barua hii naiweka wazi, waisome na wenzetu wa Ukumbi wa Wazazi, kwa kuwa kosa lenyewe nililifanya mbele yao. Nilipokuomba ruhusa ulinijibu, "Andika utakacho, wewe ushazoea kuandika sheria." Ruhusa ilikuwa na mwiba, lakini ni ruhusa.

Waliotujua jana huenda wakadhani tumeitana somo kwa mapenzi. Ukweli ni kwamba tulilazimishwa. Chuoni pale Malindi maalim akiita "Salma!" tulikuwa tukiitika "Naam!" sote wawili, na bakora ilipokuja haikuuliza ni Salma yupi. Wewe ulikuwa mrefu, mimi mnene, na tangu siku hizo kila mmoja ameshika lake. Ulipoolewa nilikuwapo. Nilipoachwa ulikuwapo, tena ulikuja na sahani ya vileja ukasema hujaja kwa ajili ya msiba, umekuja kwa ajili ya chai.

Ulipofungua duka la vitu vya wazazi pale Darajani nilikuwa mteja wako wa kwanza, nami sikununua kitu. Nilikuja kukalia kiti. Nilikuwa nikimaliza kusomesha saa saba, nakuja kukaa mlangoni kwako, nakunywa kahawa yako na kuwatazama wateja wako. Ulikuwa na kila kitu: nepi, poda, beseni za kukoshea, vyandarua, hata soksi za sufu ambazo sijui mtoto gani wa Unguja angezivaa akabaki salama. Mto tu ndio hukuwa nao.

"Bi mkubwa, mto wa mtoto upo?"

"Haupo."

"Na ule pale?"

"Ule wa jirani. Na mtoto hahitaji mto, mwanangu. Mlaze chali, juu ya godoro lisilobonyea, usimwekee kitu karibu na uso."

"Mimi nimeuliza bei tu, bi mkubwa."

Mteja akishatoka kwenda kwa jirani, mimi hucheka mpaka kahawa inamwagika. Ndipo nilipokupa jina la Bi Chali. Likashika haraka kuliko jina lako la aqiqa. Mpaka wachukuzi wa sokoni wakawa wanakusalimia, "Shikamoo, Bi Chali!" nawe unaitikia marahaba. Ulikuwa ukicheka. Nakumbuka vizuri kwamba ulikuwa ukicheka, na kwa kicheko hicho nikajipa leseni ya miaka.

Lile kundi la simu, Ukumbi wa Wazazi, lilikuwa wazo langu. Wateja walikuwa wakikusimamisha dukani kukuuliza: mtoto halali, mtoto analala mno, mtoto analia akilazwa. Nikasema tuwakusanye pahala pamoja. Ukaniambia, "Mimi kuandika kwenye vile vidude siwezi." Nikakwambia, "Utasema, somo. Unabonyeza hapa, unasema." Ukabonyeza, ukasema, na tangu siku hiyo hukuandika herufi. Wala hukusoma. Maandishi ya simu ulikuwa ukiyaita mchwa, na miwani ukiiacha nyumbani makusudi. Lililosemwa ulilisikiliza, lililoandikwa lilikupita. Haya nayataja kwa sababu yana kazi yake mbele.

Mimi nikawa msimamizi wa kwanza, wewe wa pili. Na mwalimu akipewa watu atafanya nini? Ataandika sheria. Hakuna kutangaza dawa. Hakuna siasa wala mpira. Picha za nepi chafu zitumwe kwa msimamizi peke yake, sheria ambayo niliijutia asubuhi ya pili tu, nikiwa na chai na mkate wa ufuta mkononi. Ya mwisho ilikuwa hii: mazungumzo ya vifo vya watoto hayaruhusiwi.

Ulikuwa ukikunja chandarua nilipokusomea. Ukauliza, "Hata mtu akitaka kuwatahadharisha wenzake?"

"Hata hivyo. Tutawatisha wazazi, maziwa yakauke."

Ukamaliza kukunja kile, ukachukua kingine. "Haya. Mwenye kalamu ni wewe."

Nikaona nimeshinda hoja.

Sasa nifike kwenye ile vita ya usingizi. Ilianza kwa mzazi mmoja kutuletea maneno aliyoyaokota mtandaoni kwamba mtoto alazwe kitandani kwake, chumbani kwake. Akajibiwa, "Chumba chake kipi, dada? Sisi tuko tisa kwa vyumba viwili, na kimoja kakishika mkwe." Mwengine akaingiza kisu cha chini ya mto. "Cha kumkinga na wabaya." "Mbaya wa kwanza si hicho kisu?" Halafu akaja Mama Nassor wa Mwanakwerekwe, ambaye sote tunamheshimu kwa kuwa tunamuogopa. Yeye kama wewe, haandiki, husema, na sauti yake haihitaji simu. "Nimelea wanane. Wote kifudifudi, wote juu ya mto wa sufi, wote wazima. Mmoja keshaoa wake wawili!"

Ukamjibu, "Huyo wa wake wawili ndiye asiyepata usingizi, Mama Nassor, muulize."

Ukumbi mzima ulicheka siku hiyo. Lakini siku ya pili kicheko kilipungua, na ya tatu hakikuwapo. Watu waliacha kuzungumza juu ya watoto wakaanza kuzungumza juu ya mama: nani msomi, nani mshamba, nani kaiga, nani hajali. Mimi nilikuwa nikifuta maneno huku yakiota mengine, kama mtu anayefagia ua penye mwarobaini.

Siku ya tatu nilikuwa na harusi. Unakumbuka, ya binti wa mwalimu mwenzangu, wewe ulisema huendi, una mzigo wa kupokea. Ilikuwa siku ya wanawake, na mlangoni simu zinakusanywa, watu wavue mabuibui yao wapambike bila kuogopa kupigwa picha. Nimesimama foleni. Mbele yangu mama mmoja anatoa simu moja kwa unyenyekevu mkubwa na kuisukumiza ya pili kifuani. Mimi ninayo moja, nimeibana sikioni, namsikiliza Mama Nassor.

Anasema, "Mtoto hafi usingizini bure bure. Ukisikia hivyo, ujue mama kazembea."

Chini yake pamekuja maandishi. Mzazi kijana wa Chwaka, Mwanaidi, ambaye tangu aingie hajawahi kutoa neno: "Assalaam aleykum. Samahanini mama zangu, naomba kuuliza kuhusu kulala kwa mtoto." Basi, hakuandika zaidi. Kalelewa vizuri. Mtoto wa watu hawezi kuingia na swali lake mkononi kama aliyekuja kudai, anapiga hodi kwanza, anasubiri aambiwe, "Uliza, mwanangu." Hodi ni hodi hata kwenye simu.

Nami nikaona maneno "kulala kwa mtoto" tu. Nikasema moyoni, mwengine huyu na kuni zake. Foleni inasogea, mkusanya simu ananyoosha mkono. Nikabonyeza pale panapofanya wasimamizi peke yao waweze kutuma ujumbe, nikatoa simu, nikapewa kikaratasi chenye namba, nikaingia. Ningeweza kuyafuta maneno ya Mama Nassor. Sikuyafuta. Niliyaacha yamekaa pale mlangoni, na yule kijana amesimama kando yake, nikafunga.

Ndani nilikula biriani mara mbili na kucheza mpaka pini za kanga zikaachia. Nakueleza hili usije ukadhani nilikuwa na wasiwasi wowote.

Wewe dukani umeshapokea mzigo wako, umekaa, umemsikiliza Mama Nassor. Taarifa kwamba kundi limefungwa ilikuja kwa maandishi, yaani kwako haikuja. Na msimamizi haoni mlango uliofungwa. Kwake uko wazi siku zote. Ukabonyeza, ukasema. Dakika nne. Ulichosema wenzetu wamekisikia, kwa hivyo nakiandika hapa kama kilivyo, nisije nikakilainisha.

"Mama Nassor, mimi nilikuwa na mtoto wa kiume, Suleiman. Alikuwa na wiki saba. Nilimlaza baada ya adhuhuri, kifudifudi, juu ya mto wa sufi alionishonea mama, nikatoka uani kuchagua mchele. Akalala sana. Mama akataka kumwamsha, nikamwambia, mwache, leo kalala vizuri. Nilifurahi, Mama Nassor. Nilimaliza mchele nikakuna na nazi. Sikuzembea. Nilimlaza kama nilivyofundishwa, na aliyenifundisha alikuwa akimpenda. Ndiyo maana nawaambia wenzangu, walazeni chali. Sijui kama angelikuwa chali angelikuwepo, hilo analijua Mungu. Lakini mimi ningependa leo niwe najua kwamba nilimlaza chali."

Watu mia tatu na kitu wakakusikia. Tiki zikageuka buluu. Na hakuna aliyesema pole, kwa kuwa mimi niliyekuwa nikizungusha kiuno huko harusini nilikuwa nimewafunga midomo. Wawili watatu waliokuwa na namba yako wakaona haya kukupigia, wakasema labda anataka kimya. Ulisubiri mpaka adhana ya magharibi. Ukafunga duka, ukatoka kwenye kundi, ukazima simu.

Mimi nilikusikiliza mlangoni mwa ukumbi wa harusi, kiatu kimoja mguuni na kimoja mkononi. Nikafungua kundi. Na unajua nikaandika nini? Wenzetu wanajua, wewe hukuwepo tena. Niliandika, "Wapenzi, tunakumbushana kuendeleza mazungumzo yetu kwa adabu na kwa kuzingatia sheria." Hata sikuandika, nilibandika. Huwa nauweka tayari ujumbe huo simuni kwa ajili ya siku za fujo.

Baada ya hapo pole zikaja kama maji, na zikamkosa mwenyewe.

Siku ya tatu baada ya harusi ulifungua duka. Nikaja, nikakalia kiti changu, ukanimiminia kahawa. Nikatoa simu nikaanza kukusomesha, kidole juu ya kioo, kama uko darasa la kwanza: "Unaona hapa, somo? Kundi lilikuwa limefungwa. Wangetaka kukujibu wasingeweza. Ni wasimamizi tu waliokuwa wazi. Si kwamba watu hawakukujali."

Ukatazama kidole changu mpaka kikamaliza. Ukasema, "Nshafahamu. Lakini wewe hukuwa umefungwa."

Akaingia mteja wa poda, ukainuka. Wiki mbili baadaye ukaenda Maskati kwa mwanao aliyekuwa karibu kujifungua. Ulisema unakwenda kukaa naye arubaini yake. Arubaini gani hiyo, somo, inayoingia mwezi wa nane? Wazazi wa Maskati wanahesabu vipi?

Mwanzo nilijitetea, kimoyomoyo, maana ndipo ninaposhinda kesi zangu zote. Nikasema, simu ilikuwa kwenye mfuko wa watu, ningekujibu na nini? Ilinichukua muda, kwa kuwa mimi ni mwepesi wa kufundisha na mzito wa kujifunza, kufahamu kwamba hukuwa ukizungumzia alasiri ile.

Alipofariki Suleiman nilikuwa nasomesha Wete. Nilipata habari nikapanda boti, nikafika siku ya khitma. Nikaambiwa ni homa. Nani aliniambia, sikumbuki. Mtu wa mlangoni. Nikakukuta umekaa mkekani, nikakaa karibu yako, nikakwambia, "Mungu atakupa mwengine." Ukasema, "Inshaallah." Kisha tukazungumza juu ya bei ya mchele Pemba. Na Mungu akakupa wengine, watatu, na mimi nikahesabu kwamba nimesema kweli na habari imekwisha. Miaka ishirini na minane, somo. Mchana baada ya mchana nimekaa kwenye kiti chako, nikicheka namna unavyokataa kuuza mto, na siku moja sikukuuliza kwa nini. Nilikutungia jina.

Hapa ndipo watu wengine huandika kwamba walilia. Mimi sikulia. Nilitoka nikanunua ndizi, nikarudi nyumbani, nikaifuta ile sheria ya mwisho. Nilijua namna ya kufuta, basi nikafuta.

Nikupe habari za hapa, kwa kuwa sitaki barua iwe yote yangu. Swali la Mwanaidi lilikuwa hilihili. Mkwe wake alimletea mjukuu mto wa sufi, naye anauogopa, na kumkatalia mkwe hawezi. Alikuwa ameushika mkononi alipokusikia. Akamfuata mkwe jikoni akamsikilizisha, naye akasema, "Rudisha mwanzo." Akasikiliza tena. Kisha akauchukua mto akaondoka nao. Nilikwenda Chwaka mwezi uliopita wakanikaribisha pweza wa nazi. Mtoto anatambaa, ana meno mawili na hasira za watu wazima. Mto anaukalia bibi yake anapochambua mchele. Waliniuliza, "Yule mama wa sauti hajambo?" Nikasema hajambo, joto tu.

Mama Nassor alikwenda mpaka dukani, akakuta umeshasafiri. Akanipigia mimi. Nilidhani ananipigia kunipasua, nikaweka simu mbali na sikio. Akasema polepole, mpaka nikafikiri ni mtu mwengine, "Mwalimu, ulimi hauna mfupa. Mwambie bibi yule mimi wanane nimewalea kwa bahati, si kwa ujuzi." Nimekufikishia. Bado anasema wake wawili si kosa la mto.

Na usimamizi wangu umekuwa wa hovyo, utafurahi kusikia. Sifungi tena. Maneno ya kumtia mtu hatia nayafuta papo hapo, na mwenyewe nampigia, tunasemezana kwa sauti za watu hai. Mtu akisema "samahanini, naomba kuuliza," naacha chai, najibu, "Uliza, mwanangu," kabla mwengine hajamuwahi. Wenzetu watatu wamekwisha kueleza, mmoja mmoja, habari za watoto wao ambao hatukuwa tukijua kwamba waliwahi kuwa nao. Maziwa ya mtu hayakukauka. Nilikuwa nimejitungia hilo.

Zile pole zako zote ninazo. Ulisema nisikutumie, sijakutumia, na sitakusumbua kwa hilo. Wala sikuombi urudi kundini. Duka mwanao wa pili analiendesha vizuri, ingawa kahawa yake ni maji ya kunawia, na mto bado hauuzwi.

Nisalimie mwanao, umbusu mjukuu utosini, na wewe nakuaga kwa amani mpaka itakapokuja sauti yako au nafsi yako, yoyote itakayotangulia.

Kabla sijatia saini niseme niliyotakiwa kuyasema mkekani, nikasema mengine. Pole, somo. Pole kwa Suleiman. Na kuna jambo ambalo mtoto akizaliwa kwetu kila mtu huuliza kabla hajakaa hata kitako, mimi sikukuuliza kwa kuwa nilikuwa Wete, na nilipokuja nikaona limepitwa. Halijapitwa. Sikumwona, nambia: alifanana na nani?

Somo yako,
Unguja